Kuku kurukaruka baada ya kuchinjwa si kipimo cha uhai

"Mshike vizuri, bado anarukaruka, hajafa." "Haya, ametulia, mtie kwenye maji." Kauli hizi mbili husikika karibu kila ua panapochinjwa kuku, na zote mbili ni makosa. La pili ndilo baya zaidi.

Mbawa hazipimi chochote. Ubongo ukishakosa damu, uti wa mgongo hubaki bila wa kuutuliza na misuli hujirusha yenyewe. Ndiyo maana hata kuku aliyeondolewa kichwa kizima hupiga mbawa. Kinyume chake, kuku aliyechinjwa vibaya anaweza kulala kimya huku fahamu anazo, maana kuku akizidiwa na hofu huganda.

Tazama jicho na pumzi. Gusa jicho lenyewe polepole kwa ncha ya kidole: akipepesa, bado yupo. Angalia tumbo karibu na mkia: likipanda na kushuka kwa mpangilio, anapumua. Ukiona kimojawapo baada ya nusu dakika, mishipa umeikosa. Kata tena papo hapo, usisubiri "amalizike mwenyewe".

Wengi huikosa kwa sababu hukata katikati ya shingo. Hapo ateri zote mbili, yaani mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani, zimejificha ndani, zimelala juu ya mifupa ya shingo na kufunikwa na misuli, kwa hiyo kisu huishia kwenye ngozi, koo na mishipa ya juujuu. Karibu na kichwa ateri hizo huachana na kwenda pembeni. Basi kata chini tu ya taya: tenga manyoya kwa kidole gumba, vuta kichwa kidogo ngozi ikazike, pitisha kisu mara moja upande hadi upande mpaka kikaribie mfupa. Damu iruke kwa nguvu. Ikidondoka matone, hujafika.

Halafu subiri dakika mbili kamili kabla ya maji ya moto, hata akitulia mapema. Anayemtumbukiza kuku angali anapumua anamchemsha hai, na maji yale machafu yanavutwa hadi mapafuni.

Kumkanyaga mbawa na miguu ili atulie nako kuachwe. Huacha michubuko na mbawa zilizovunjika. Chukua dumu tupu la mafuta la lita 5, kata kitako, panua mdomo kiasi cha kichwa kupita, litundike, mwingize kuku kichwa chini. Jogoo mkubwa atahitaji dumu la lita 10.

Utasikia na makosa mengine haya. "Kisu chochote kinafaa mradi mkono una nguvu." Kisu butu husukuma mishipa badala ya kuikata. Kama hakinyoi nywele za mkono, kirudi kwenye jiwe, na unolee mbali na kuku.

"Maji yachemke kabisa." Yakichemka ngozi huchanika na nyama ya kidari huanza kuiva. Changanya maji yaliyochemka na ya bomba, nusu kwa nusu, upate kama nyuzi 60. Kwa kuku mzee wa kienyeji zidisha kidogo ya moto. Dakika moja, huku unamgeuza. Vuta unyoya mkubwa wa bawa: ukitoka bila kubishana, mtoe.

"Ashibe kwanza, aongeze uzito." Utapasua utumbo uliojaa na kupaka nyama kinyesi. Chakula aondolewe jioni ya kuamkia siku ya kuchinja, maji aachiwe.

Kuna na hili la kuwahi: "Anaumwa, tumchinje kabla hajafa." Damu, manyoya na maji ya kuku mwenye kideri (ugonjwa wa kuku wa kuambukiza) yakimwagwa uani, waliobaki watafuata, na wa jirani pia. Ikiwa ni mafua ya ndege, wewe unayemnyonyoa ndiye wa kwanza kuwa hatarini. Na kama alikuwa kwenye dawa, kibandiko cha chupa kinasema zipite siku ngapi kabla nyama haijaliwa; kisome kabla ya kushika kisu. Kuku wa namna hiyo atengwe, na mtaalamu wa mifugo aitwe.