Wilaya ya shule si wilaya ya mkuu wa wilaya

Kila bosi wa shule wa mji fulani wa Marekani akiondolewa kazini, kwenye magrupu yetu habari inakuja vilevile: "mkuu wa wilaya katumbuliwa." Kisha anaanza kutafutwa waziri aliyemtumbua. Hayupo.

Huyo bosi anaongoza wilaya ya shule, kwa Kiingereza "school district": ni mamlaka inayoendesha shule za umma katika eneo lake: inaajiri walimu, inapanga bajeti, na mara nyingi inatoza kodi ya ardhi na majengo. Basi. Ziko zaidi ya 12,000 nchi nzima, na mipaka yake si lazima ifuate ya mji au kaunti.

Tatizo ni kwamba Mtanzania akisikia wilaya, anaona mamlaka inayoshuka kutoka juu. Rais anateua mkuu wa wilaya, anateua na mkurugenzi wa halmashauri, afisa elimu yuko chini ya mkurugenzi. Kule sehemu nyingi wananchi wanachagua bodi, bodi inaajiri mtendaji kwa mkataba, na bodi hiyohiyo ndiyo inayomwachisha. Rais wa Marekani hana kalamu hapo.

Chukua Chicago, tena huo ndio mfano mgumu, maana tangu 1995 bodi ya kule ilikuwa ikiteuliwa na meya. Mwaka 2024 Meya Brandon Johnson alitaka Pedro Martinez, mtendaji mkuu wa shule, aondoke. Waligombana kuhusu pesa, hasa mkopo wa dola milioni 300 ambao Martinez aliukataa. Akaombwa ajiuzulu, akagoma. Kama meya angekuwa na ubavu wa kumfukuza, habari ingeishia hapo. Badala yake wajumbe wote 7 wa bodi, ambao aliwateua mwenyewe, wakatangaza kujiuzulu mwezi Oktoba. Meya akateua wengine, na ni hao waliopiga kura Desemba 20 kumwondoa Martinez. Hata hivyo walimwondoa "bila kosa", yaani waliuvunja mkataba kwa masharti yake, hawakumtia hatiani kwa wizi wala uzembe, na ndiyo maana alibaki ofisini hadi Juni 2025. Kufikia wakati huo bodi ilikwishakuwa ya watu 21, 10 kati yao wamechaguliwa na wananchi.

Anayeweza kuipita bodi ni jimbo, kwa sheria yake. Texas ilifanya hivyo Houston mwaka 2023: bodi iliyochaguliwa na wananchi ikawekwa pembeni, wakateuliwa wasimamizi wengine na mtendaji mpya, Mike Miles. Lakini hilo nalo halikutoka Washington.

Kwa hiyo, ndugu zangu, yule si mkuu wa wilaya. Mwiteni msimamizi mkuu wa shule, au hata mkurugenzi wa shule, tutaelewana. Na kabla ya kuuliza nani kamtumbua, tazameni kwanza bodi ilipiga kura lini, na ngapi kwa ngapi.