Pua ya Pinocchio haikuanza na uongo

Wiki hii nimeandikiwa tena: nipendekeze hadithi "kama ya Pinocchio", kile kikaragosi cha mbao ambacho pua yake hurefuka, ya kumkanya mtoto asiseme uongo. Nahariri vitabu vya watoto na ombi hili limenichosha. Siku hizi huuliza swali moja tu: pua ilirefuka mara ya kwanza kwa uongo gani?

Hakuna. Fungua kitabu chenyewe cha Mwitaliano Carlo Collodi: sura ya 3, Geppetto, mzee anayekiunda kikaragosi, bado anachonga. Kila akiikata pua, yenyewe inazidi kuchomoza. Kikaragosi hata mdomo wa kusemea huo uongo hana! Sura ya 5 inarefuka tena, vidole vinne hivi, kwa sababu ana njaa na chungu alichokikimbilia kumbe kimechorwa ukutani. Uongo wa pua unangoja hadi sura ya 17, anaposema amepoteza sarafu 4 za dhahabu kumbe zimo mfukoni mwake, na sura inayofuata vigong'ota wanaitwa kuipunguza kwa midomo yao. Mimi huisoma pua hiyo kama mahali mwili unapomsaliti, iwe kwa njaa, aibu au uongo. Kisha nafika sura ya 29, anajisifu inarefuka, anajisengenya inafupika, na nadharia yangu inaanza kuchechemea. Huenda Collodi, aliyekuwa akiandika vipande vipande kwa gazeti la watoto, alisahau tu alichokwisha kuandika.

Na yule nyenje anayempa kikaragosi mawaidha? Anapigwa nyundo, anakufa, sura ya 4. Yule wa filamu ya Disney ya 1940 msahau.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Oktoba 1881 hadithi iliishia sura ya 15, kikaragosi ananing'inia kwenye mti, amekufa. Mwisho. Wasomaji ndio waliodai iendelee, ikaendelea 1882. Na hakunyongwa kwa sababu ya uongo: alikuwa amebana sarafu chini ya ulimi wanyang'anyi wasizipate, akakataa kufumbua mdomo. Fumbo la maadili liko wapi hapo?

Basi watanitajia ukurasa wa mwisho, anapokuwa mtoto wa kweli. Nimeusoma mara nyingi. Kikaragosi kimeegemezwa kitini, kichwa upande, mikono imelegea, na mtoto anakiona kichekesho. Sijui kama Collodi anacheka naye. Mswada huo ungeletwa mezani kwangu, ningeandika pembeni kwa penseli: "Huyu anayesema hapa ni nani?"