Dawa za Parkinson na hamu isiyozuilika: sio tabia mbaya, mwambieni daktari

Jamani leo nataka tuongee kitu ambacho kliniki huwa nakisikia mwisho kabisa, tushamaliza mambo ya kutetemeka, choo, usingizi, wanainuka kuondoka, ndio mke anageuka mlangoni anasema kwa sauti ya chini, daktari, huyu siku hizi anabeti usiku kucha na maisha yake yote hajawahi kubeti. Mzee mwenyewe anaangalia chini.

Mimi hapo siulizi amepoteza hela ngapi, nauliza anatumia dawa gani.

Iko hivi, Parkinson inaua polepole seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo, ndio maana mwili unakuwa mzito. Dawa zetu zinairudisha hiyo dopamini au zinafanya kazi kama yenyewe. Hizi zinazofanya kazi kama yenyewe, yaani pramipeksoli, ropiniroli na rotigotini ile ya kubandika kwenye ngozi, ndizo zinazoongoza kwa tatizo hili, ingawa hata kwa levodopa, ile dawa inayogeuka kuwa dopamini, linaweza kutokea. Sasa dopamini haiendeshi mwendo peke yake, ndiyo pia inayouambia ubongo hii tamu, rudia, na upande huo wa ubongo mara nyingi haujaathirika sana na ugonjwa, kwa hiyo dawa ile ile inayosaidia miguu itembee, upande huu inazidisha dopamini na breki za kujizuia zinalegea.

Na sio wachache. Utafiti uliotoka 2010, wa wagonjwa 3,090 Marekani na Kanada, ulikuta tatizo hili kwa asilimia 17.1 ya wanaotumia hilo kundi la dawa, wasiotumia asilimia 6.9.

Kwa mwingine inakuja kama kamari, mwingine kununua vitu ambavyo hata havifungui, mwingine anaamka usiku kula mpaka tumbo linauma, mwingine hamu ya ngono inapanda mpaka ndoa inayumba na hiyo ndio watu wanaificha kuliko zote. Kuna na ile ya kurudia kazi isiyo na maana, utamkuta mtu saa tisa usiku kaifungua redio nzima, skrubu kazipanga mezani kubwa kwa ndogo, anazichanganya, anazipanga tena, ukimgusa anakasirika.

Inaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya dawa, kwa hiyo usiseme mbona mwanzo alikuwa sawa. Aliyeugua akiwa bado kijana, au ana historia ya kamari au pombe kwake au kwa ndugu zake, mwangalieni kwa karibu zaidi.

Ila naomba sana, msimwachishe dawa ghafla nyumbani. Ikikatwa ghafla mwili unaweza kukakamaa vibaya, na wengine wanapata wasiwasi mkali, jasho, huzuni nzito. Daktari atapunguza dozi kidogo kidogo au atabadilisha dawa, na wengi hali inatulia. Wakati mnasubiri, mkubaliane naye mtu mwingine ashike pesa na namba ya siri ya simu, kwa heshima, sio kwa kumvizia.

Na wewe unayeishi naye muulize wazi, kwa sababu mwenyewe mara nyingi anaona ni starehe tu au anaona aibu. Ukishindwa kusema mbele yake andika kwenye karatasi umpe nesi kabla hamjaingia, tutaisoma.