Redio ya wakati wa vita: tunayoamini, na yaliyosikika

Ukimuuliza mtu leo redio ya Uingereza ilitangaza nini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, atakutajia Churchill, ving'ora na mizinga. Nami niliamini hivyohivyo, mpaka nilipoanza kufuatilia ratiba za BBC Home Service, idhaa ya wananchi waliobaki nyumbani. Kumbe saa nyingi zilikwenda kwa muziki, utani na mapishi ya viazi.

"Burudani ilikuwepo tangu mwanzo."

Hapana. Tarehe 1 Septemba 1939 televisheni ya BBC ilizimwa na idhaa za redio zikaunganishwa kuwa moja, ili ndege za Wajerumani zisiifanye mitambo ya mikoani kuwa dira ya kutafutia miji. Sinema na kumbi za maigizo zikafungwa kwa muda. Watu wamejifungia nyuma ya mapazia meusi, na redio inawapa habari, matangazo ya serikali, santuri, na kinanda. Sandy MacPherson, Mkanada, alikipiga kinanda hicho mara kadhaa kwa siku hadi watu wakakinai. Malalamiko yakamiminika kwa barua na magazetini. Mapema 1940 ikafunguliwa idhaa ya wanajeshi, yenye dansi na vichekesho tele, na walioikimbilia kwa wingi wakawa raia wa nyumbani.

"Bila umeme hukusikia kitu."

Nyumba nyingi za vijijini hazikuwa na umeme, na redio zao zilitumia betri za tindikali zenye chupa ya kioo. Kila baada ya wiki moja hivi, mtoto aliibeba dukani kuchajiwa, akionywa asiimwagie suruali. Sisi tulioanika betri juani ili tuwahi taarifa ya habari ya saa mbili usiku hatuhitaji kuelezwa zaidi.

"Muziki wa viwandani ulikuwa wa kupoteza muda."

Hapa ndipo penye utamu wenyewe. Kuanzia tarehe 23 Juni 1940, saa nne na nusu asubuhi na tena saa tisa alasiri, spika za viwandani zilifungulia kipindi cha Music While You Work: nusu saa ya muziki mfululizo, karibu bila maneno. Baadaye kikaongezwa kingine saa nne na nusu usiku kwa zamu ya usiku. Nyimbo zilichaguliwa kwa masharti. Wimbo wa polepole mno ulisinzisha, na wenye ala laini ulimezwa na ngurumo za mashine. Wimbo mmoja wa Kimarekani, Deep in the Heart of Texas, ulipigwa marufuku kipindini kwa kosa la ajabu: kiitikio chake kina makofi manne, na ilihofiwa kuwa wafanyakazi wangeacha kazi wayapige kwa spana na nyundo juu ya mashine. Mtu anayepoteza muda hahesabu makofi ya wimbo.

Wakati wa chakula cha mchana kulikuwa na Workers' Playtime, kilichoanza 1941. Wachekeshaji na waimbaji walipanda jukwaa katika kantini ya kiwanda, na mtangazaji akasema tu kwamba wako "mahali fulani Uingereza", maana kutaja mji kungemwelekeza adui. Mtayarishaji wake aliitwa Bill Gates. Si yule wa kompyuta.

Kabla ya hayo yote, saa mbili na robo asubuhi, palikuwa na dakika chache za The Kitchen Front: namna ya kuutumia mgao wa chakula mpaka chembe ya mwisho. Kipindi hiki kilitayarishwa pamoja na Wizara ya Chakula, lakini kilinogeshwa na ndugu wawili wachekeshaji, Elsie na Doris Waters. Utabiri wa hali ya hewa ndio uliokosekana. Ulifichwa karibu vita vyote, kwa hiyo aliyetaka kujua kama mvua itanyesha alichungulia dirishani.

"Hakuna aliyethubutu kuitania serikali."

Walithubutu, na serikali ikasikiliza. Katika ITMA, kipindi cha vichekesho kilichopendwa kuliko vyote, Tommy Handley alijifanya waziri wa wizara ambayo kwa Kiswahili tungeiita ya Udhia na Mafumbo. Kila aliyewahi kupanga foleni akiwa na fomu tatu mkononi alielewa anatajwa nani. Alikuwemo pia Funf, jasusi wa Kijerumani asiyefanikiwa katu. Sauti yake ya kutisha ilitoka kwa mwigizaji Jack Train akisemea ndani ya bilauri tupu. Watu wakawa wanapigiana simu na kujitambulisha: "Funf hapa anazungumza." Hata hivyo, kila mswada ulikaguliwa, na studioni alikaa mtu mwenye swichi, tayari kumkata atakayetoka nje ya maandishi.

"Kusikiliza redio ya adui kulikuwa kosa la jinai."

Ujerumani, ndiyo, tena adhabu ingeweza kufika kifo. Uingereza, hapana. Mamilioni walimfungulia William Joyce, aliyepachikwa jina la Lord Haw-Haw, akiwatangazia kutoka Hamburg, na wengi walimchukulia kama kichekesho kingine. Uvumi ulienea kwamba alikuwa akitaja hata saa ya mnara wa mji fulani iliyochelewa dakika kumi. Wizara ya Habari ilifuatilia na haikupata matangazo ya namna hiyo. Walioyazua ni majirani.

"Uingereza nzima ilimsikia Churchill akisema watapigana ufukweni."

Tarehe 4 Juni 1940 hotuba ile ilitolewa bungeni, na bunge halikurushwa redioni. Usiku ule msomaji habari alisoma vipande vyake tu. Sauti ya Churchill tunayoisikia leo aliirekodi mwaka 1949, vita vimeshakwisha.

"Babu alipokuwa Keya, nyumbani walisikiliza BBC Kiswahili."

Hii ni yetu wenyewe, maana Keya ni King's African Rifles, jeshi la wakoloni la askari wa Afrika Mashariki. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza tarehe 27 Juni 1957. Ni kweli kwamba nchini Kenya matangazo ya Waafrika yalianza wakati wa vita, ili familia za askari zisikie ya huko walikopelekwa, lakini hayakutoka London.

"Wasomaji habari walijitaja majina kwa kutafuta umaarufu."

Awali hawakujitaja kabisa. Walianza katika kiangazi cha 1940, Wajerumani walipohofiwa kuvamia, ili wasikilizaji wazizoee sauti na adui asiweze kuteka kituo na kusoma habari za uongo. Kwa hiyo tarehe 15 Oktoba 1940, saa tatu usiku, wasikilizaji walijua kwamba anayesoma ni Bruce Belfrage. Jioni hiyo bomu lilikuwa limetua ndani ya jengo la BBC bila kulipuka. Lililipuka yeye akiwa hewani, studio ya chini. Majumbani ulisikika mshindo hafifu, kisha akanyamaza kidogo. Vumbi la plasta lilikuwa limemwangukia yeye na karatasi zake. Akaendelea kusoma. Ghorofa za juu walikufa watu saba.