Jaketi la pikipiki kwa mwanamke: baridi hupenya wapi?

Ukiishi Kigoma mjini, chini kule ziwani, unaweza kudhani habari za baridi hazikuhusu. Washa pikipiki Mwandiga saa 11 alfajiri, mwezi wa Juni au Julai, ushike barabara ya Manyovu. Ni kilomita 60 hivi za kuliacha ziwa na kupanda milima ya mpakani mwa Burundi, na kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 au zaidi kidogo. Hapo bado hujahesabu upepo unaoutengeneza mwenyewe kwa mwendo. Kukiwa na nyuzi 10 nawe unakwenda kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba ni nyuzi 5.

Mimi ni mkufunzi wa pikipiki, na wanafunzi wangu wengi ni wauguzi, walimu na maafisa ugani waliopangiwa vituo vya huko juu. Nasisitiza mavazi kabla hata ya gia, kwa sababu ya vidole. Mwili ukipoa huvuta damu ndani kulinda moyo na tumbo, na mikono ndiyo inayoachwa mwanzo. Mikono ya wanawake wengi hupoa mapema kuliko ya wanaume. Kidole kilichokufa ganzi huchelewa kushika breki ya mbele, na kwa mwendo ule wa 60, sekunde moja ya kuchelewa ni karibu mita 17. Mbuzi akikatiza barabara, mita 17 ni nyingi mno.

Sasa jaketi. Dada wengi huja na la mume au la kaka, au wamenunua la kiume saizi ndogo wakaona yamekwisha. Hayajakwisha. Jaketi la kiume hukatwa mabega mapana na nyonga nyembamba. Kwa mwanamke, kifuani linabana, mabegani linapwaya, na chini linagoma kwenye nyonga, kwa hiyo ukikaa kwenye siti linapanda na kuacha kiuno wazi nyuma. Mikono ni mirefu, upepo unaingia kwenye kifundo na kupanda mpaka kwapani. Unaweza kuvaa sweta mbili ndani na bado ukatetemeka, kwa sababu hewa uliyoipasha kwa mwili wako inafukuzwa kila dakika kupitia hizo nafasi.

Na si baridi peke yake. Jaketi la pikipiki lina kinga ndani, kile kipande cha sponji ngumu begani na kwenye kiwiko. Kikiwa sawa kina maandishi EN 1621-1, yaani kiwango cha Ulaya cha kinga hizi, na pembeni herufi: S ni ya bega, E ya kiwiko, K ya goti. Kuna namba pia, 1 au 2, na 2 ndiyo inayopunguza zaidi nguvu ya kishindo. Ukikuta herufi A kwa habari ya ukubwa, hiyo ni ndogo, inawafaa wengi wetu. B ni kubwa zaidi. Lakini kinga bora kuliko zote, ikiwa mkono wa jaketi unapwaya, siku ya kuanguka itazunguka na kiwiko kitaifuata lami bila kitu.

Kwa hiyo usijaribu jaketi umesimama mbele ya kioo. Kaa juu ya pikipiki, shika usukani, kunja viwiko kama unaendesha. Kinga ya kiwiko ikae juu ya mfupa wenyewe. Mwambie mwenzako akutazame mgongoni: akiona fulana, acha hilo jaketi. Pima kifua ukiwa na sidiria unayovaa kazini na sweta utakayovaa ndani, na pima nyonga pia, maana jaketi la kike zuri lina zipu za pembeni za kulifungua pale chini.

Nini kipatikane Kigoma? Mitumba, kusema kweli, na mitumba si ya kudharau. Kwenye mabelo ya makoti ya baridi huwa yanachanganyika majaketi ya pikipiki. Nina kipimo changu cha upepo: weka kitambaa mdomoni, kiganja upande wa pili, upulize kwa nguvu. Ukihisi pumzi kwenye kiganja, upepo wa Manyovu utapita bila hodi. Kisha toa kinga mfukoni mwake uibonyeze kwa dole gumba. Nzuri inarudi taratibu. Ikibaki na shimo, au ikimeguka unga unga, imezeeka, itupe. Jaketi lenyewe bado unaweza kulichukua kama ni zima, ukatafuta kinga nyingine. Fundi cherehani mzuri anaweza kupunguza mikono na kuingiza kipande nyongani. Asiguse mishono ya begani na ya kiwiko, kwani hiyo ndiyo inayoshikilia nguo isipasuke ukiburuzika.

Ndani ya jaketi anza na fulana ya kubana isiyo ya pamba. Pamba hunywa jasho ikabaki mbichi, na ubichi ule ndio unaokugandisha ukifika mlimani. Juu yake sweta jepesi la sufu, basi. Siku ukikamatwa huna sweta, kunja gazeti uliweke kifuani chini ya jaketi. Linafanya kazi kweli. Wale vijana wa bodaboda wanaovaa jaketi kinyumenyume wanakimbia upepo wa zipu, na upepo unapungua. Ila mgongo unabaki wazi na kinga za kiwiko zinakaa upande usiohitajika. Afadhali jaketi lenye ulimi wa kitambaa nyuma ya zipu.

Glovu nazo zina mtihani wake. Za kiume huacha kipande kitupu kwenye ncha za vidole, na kile kitambaa kinajikunja kwenye klachi. Nunua zinazofika ncha bila kubana, zenye mkanda wa kifundo, na zivaliwe juu ya mkono wa jaketi au chini yake bila kuacha ngozi. Glovu nene husogeza mkono mbali na breki, kwa hiyo mwambie fundi arekebishe mikono ya breki na klachi baada ya kununua.

Helmeti naielezea kwa nywele. Rasta nene au kifundo kisogoni huiinua, na helmeti iliyoinuliwa huchomoka. Kwa wiki za kazi suka twende kilioni, vaa kofia laini ya satini au hijabu iliyobana bila pini, kisha funga mkanda na ujaribu kuisukuma itoke kuanzia nyuma kwenda mbele. Ikitoka, si yako. Ikiwa sawa, ukiizungusha ngozi ya paji la uso inakwenda nayo.

Huku chini sina mengi: suruali nzito yenye kiuno kirefu nyuma, taiti ndani yake, na buti inayofunika kifundo cha mguu. Wanaovaa gauni kwa sababu za dini, ambao Ujiji ni wengi, nawaomba livaliwe fupi juu ya suruali na mapindo yake yabanwe. Khanga iliyofungwa kiunoni sikubali kabisa. Ncha yake ikiingia kwenye spoku za nyuma inamvuta mtu chini kabla hajajua kimetokea nini.

Fedha zikiwa za kununua kimoja kimoja, nenda hivi: helmeti, glovu, jaketi, buti, suruali. Na ukienda kujaribu, nenda na pikipiki yako, mwenye duka akubali uikalie ukiwa umevaa nguo zake.