Je, wajua kwa nini wagonjwa wa moyo na mapafu walipungua hospitali wakati wa lokdauni?

Machi 2020 korona imepamba moto, kila ukifungua simu ni habari za hospitali kufurika, lakini madaktari wa moyo Italia na Uingereza walikuwa wanaulizana kitu kingine kabisa, hivi wagonjwa wetu wameenda wapi? Kule England mwaka 2019 walikuwa wanalazwa watu kama 3,017 kwa wiki kwa tatizo la mishipa ya moyo kuziba ghafla, kufika mwisho wa Machi 2020 wamebaki 1,813, yaani asilimia 40 hawaonekani. Na wodi za kifua nazo zikapumua, wenye pumu na wenye ugonjwa sugu wa mapafu walikuja wachache kuliko kawaida. Ukiziweka grafu mbili hizi pamoja zinafanana, zote zinashuka, na hapo ndo wengi tunakosea maana sababu zake ni mbali mbali kabisa.

Tuanze na moyo. Watu hawakuacha kuugua moyo kwa ukubwa ule, sehemu kubwa walikuwa wanaugulia nyumbani. Mtu kifua kinambana, anawaza nikienda kule nitaokota korona, ngoja nivumilie kidogo pengine ni gesi tu. Mwingine anaona vibaya kuwasumbua manesi ambao anajua wamezidiwa, mwingine anaishi peke yake na wageni hawaruhusiwi so hakuna hata wa kumwambia mbona umebadilika hivyo, inuka twende. Na tangazo lenyewe lilikuwa kaa nyumbani, watu wakalitii mpaka pale ambapo halikuwahusu.

Shida ni kwamba moyo hausubiri. Mshipa ukiziba, msuli unaolishwa na huo mshipa unaanza kufa ndani ya nusu saa hivi, na ukishakufa haurudi tena, ndo maana madaktari wanakimbizana na dakika. Hong Kong waliangalia wagonjwa wao wa mshtuko wa moyo wa mwanzo wa 2020, walikuwa 7 tu kwa hiyo tusiutegemee sana mfano huu, ila muda wa kati toka maumivu yaanze mpaka kuonana na mhudumu ulikuwa dakika 318, mwaka mmoja nyuma ulikuwa kama 82. Italia ndo inauma zaidi: wiki moja ya katikati ya Machi 2020, wagonjwa wa ule mshtuko wa moyo mkali, mshipa umeziba kabisa, waliofariki walikuwa asilimia 13.7, wiki kama hiyo 2019 ilikuwa 4.1. Walikuja wachache, na wengi wao walichelewa. (Kule Lombardia, kaskazini mwa Italia, watu kuanguka moyo umesimama nje ya hospitali kulipanda kwa asilimia 58, ila wengi wa hao walioongezeka walikuwa na korona au walishukiwa kuwa nayo, kwa hiyo tusiseme wote ni woga wa hospitali.)

Sasa mapafu, hapa kwa kweli ugonjwa wenyewe ulipungua. Pumu mara nyingi inaamshwa na mafua tu ya kawaida, na ule ugonjwa sugu wa mapafu hivyo hivyo, mtu anapata virusi vidogo anaishia kwenye oksijeni. Shule zimefungwa, watu wana barakoa, safari hakuna, virusi vitapita wapi? Aprili hadi Julai 2020, Australia, Chile na Afrika Kusini zilipima sampuli 83,307 kutafuta influenza, yale mafua makali ya msimu, zikapata 51 tu zenye virusi vyake. Hamsini na moja! Utauliza mbona korona yenyewe iliendelea, ni kwa sababu influenza inaambukiza watu wachache kuliko korona, mgonjwa mmoja anampa mtu mmoja na kidogo, kwa hiyo ukiibana kiasi tu inakatika.

Na kumbe hizi habari mbili zinagusana. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliotoka 2018 ulionyesha kwamba ndani ya siku 7 baada ya mtu kukutwa na influenza, uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo unakuwa kama mara 6, maana mwili ukipambana na maambukizi damu inaganda kirahisi na moyo unafanya kazi ya ziada. Kwa hiyo influenza ilivyopotea yawezekana kabisa mioyo kadhaa ilipona kweli, ila kusema ndo ilileta ile asilimia 40 ndani ya wiki chache, mimi siamini.

Angalia pia kilichotokea baadaye. England watu walipohimizwa waje hospitali wakiumwa kifua, mwisho wa Mei 2020 wagonjwa wa moyo walikuwa wamerudi hadi 2,522 kwa wiki, na vizuizi bado vipo. Mapafu yakafuata kalenda yake: RSV, virusi vinavyowabana watoto wachanga kifua, vililipuka Western Australia mwishoni mwa 2020 na Marekani katikati ya 2021, kote huko ni msimu wa joto wakati vyenyewe ni vya baridi, kwa sababu kulikuwa na watoto wa mwaka mzima ambao hawajawahi kukutana navyo hata siku moja.