Sukari iliyoko ndani ya chanjo ya mtoto wako

Kazi yangu ni kupima kingamwili kwenye damu ya watoto waliochanjwa, na wazazi huniuliza sana hizi sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zina nini ndani. Sehemu kubwa ya jibu ni sukari. Sio ya chai, ni sukari ya bakteria, minyororo mirefu ambayo numokokasi (yule wa nimonia) na mwenzake Hib (bakteria Haemophilus influenzae aina b) huitengeneza na kujizungushia mwili mzima, sisi tunaiita kapsuli.

Kapsuli ndio inamfanya awe hatari. Mwili una protini zinaitwa komplimenti, zinajibandika kwenye bakteria ili neutrofili, zile seli nyeupe zinazomeza vijidudu, zipate pa kushika, sasa kapsuli ikiwa nene komplimenti inajibandika chini kule kwenye ukuta na neutrofili haiifikii, bakteria anaponyoka, anaingia kwenye damu na mwisho anafika hadi utando wa ubongo. Numokokasi asiye na kapsuli hana nguvu hiyo, mtafiti Griffith alishaonyesha kwa panya mwaka 1928. Lakini kingamwili ikiikamata sukari yenyewe pale juu kabisa, mkia wake unabaki nje na neutrofili inashika hapo hapo. Ndio maana tunailenga sukari.

Shida ilikuwa watoto wadogo. Marekani waliidhinisha chanjo ya Hib ya sukari tupu mwaka 1985, ikawa ni ya kuanzia miaka 2, wakati homa ya uti wa mgongo ya Hib inapiga zaidi wale ambao hata mwaka hawajafika! Kwa nini sukari tupu haifanyi kazi kwa mtoto mchanga? Seli B ndio inatengeneza kingamwili, lakini ili itengeneze nyingi, kali na za kudumu inahitaji msaada wa seli T, na seli T inatambua vipande vya protini tu, sukari haioni kabisa. Mtu mzima anaweza kujibu kiasi bila huo msaada, mtoto chini ya miaka 2 karibu hawezi. Ni kama kwenda SACCO kukopa bila mdhamini, fomu umejaza vizuri lakini hela hutoki nayo.

Basi wakampa sukari mdhamini. Unachukua sukari unaiunganisha kikemia na protini ambayo seli T inaijua, mfano sumu ya pepopunda iliyouliwa makali. Seli B inaishika sukari, inameza vyote viwili, inakatakata protini na kuonyesha vipande vyake nje, seli T inaviona inatoa msaada, na kingamwili zinazotoka ni za ile sukari. Wazo lenyewe ni la zamani sana, watafiti Avery na Goebel walilijaribu New York kwenye sungura miaka ya 1929 hadi 1931, na mimi huwa inaniuma kwamba ilichukua zaidi ya miaka 50 kumfikia mtoto.

Matokeo tumeyaona hapa hapa kwetu. Kenya ilianza chanjo ya Hib mwaka 2001, na ndani ya miaka mitatu ugonjwa wa Hib kwa watoto chini ya miaka 5 kule Kilifi ulishuka kwa asilimia 88. Ya numokokasi ikaja 2011, na maambukizi makali ya aina zile zilizomo kwenye chanjo yakashuka kwa asilimia 92 Kilifi hiyo hiyo. Mwenye mtoto wa selimundu naomba unisikie vizuri hapa, bandama ndio inachuja bakteria wenye kapsuli kwenye damu na kwa watoto hawa inaharibika mapema sana, kwa hiyo hizi dozi usikose hata moja, na penisilini ya kila siku aliyoandikiwa usiiache.

Sasa ugumu unaotunyima usingizi ni kwamba sukari hazifanani. Numokokasi ana aina zaidi ya 100, na aina 19A na 19F zinatofautiana kwa namna sukari mbili zilivyoshikana tu, vingine vyote ni vile vile. Chanjo ya kwanza ya watoto, ya mwaka 2000, ilikuwa na 19F, watu wakategemea itakinga na 19A, haikukinga vya kutosha na 19A ikaongezeka sana Marekani. Kiungo kimoja tu cha kemikali!

Halafu kuna meningokokasi, bakteria mwingine wa homa ya uti wa mgongo, naye ana aina zake. Aina B kapsuli yake ni asidi ya siali, sukari nayo, iliyofungwa vile vile kama ilivyo kwenye seli za ubongo wetu, mwili unaiona ni yake na hauishambulii, na hata ukiulazimisha unaogopa utajigeukia wenyewe. Kwake ilibidi sukari iachwe, zikatumika protini za juu ya bakteria. Aina A haina ujanja huo, ndio maana chanjo yake iliyoanza Burkina Faso Desemba 2010, sukari ya A kwenye protini ya pepopunda, bei chini ya nusu dola, iliuzima ugonjwa wa aina A kwenye ule ukanda wa Afrika unaosumbuliwa sana na homa ya uti wa mgongo. Ile mpya iliyopitishwa na WHO 2023, Nigeria wakaanza kuitumia 2024, imebeba sukari tano: A, C, W, Y na X. B haimo.